Feri iliyohifadhiwa jana haisomeki leo: kutatua matatizo ya jumbe za uigaji katika XML

Zoezi tunalolitumia katika maabara yetu hapa Kampala ni la feri. MV Kalangala, ya kwenye kompyuta, inatoka Nakiwogo kule Entebbe kwenda Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, safari ya saa tatu na nusu hivi, huku mitumbwi ya wavuvi ikiizunguka. Kila chombo kinatangaza mahali kilipo kwa ujumbe wa DIS (Distributed Interactive Simulation, utaratibu wa kompyuta za uigaji kupashana habari), ule wa kiwango cha IEEE 1278.1. Programu ya Java inazipokea jumbe hizo, inaziandika kwenye faili ya XML kwa kutumia JAXB, maktaba inayogeuza objekti za Java kuwa XML na kuzirudisha, na kesho yake inazisoma ili safari irudiwe.

Kwenye hiyo "kesho yake" ndipo watu wanaponigongea mlango. Karibu wote wanakuja wakiwa wamekesha wakipekua msimbo wa kusoma, na karibu wote kosa lao lilitokea wakati wa kuandika. Kwa hiyo kabla hujagusa mstari wowote wa Java, ifungue faili yenyewe uitazame kwa macho. Je, mwisho wake umefungwa? Namba zimo? Majina yanasomeka?

Kisha fanya haya. Nakili faili na ufanye kazi kwenye nakala. Ya asili iache kama ilivyo. Kwenye terminali andika `xmllint --noout safari.xml`, itakutajia mstari wenye kasoro. Mwisho, chukua ujumbe mmoja tu, uandike, usome, uugeuze kuwa baiti tena, ulinganishe na ule wa mwanzo. Ujumbe wa hali ya chombo usio na viungo vinavyocheza una baiti 144. Zikilingana zote 144, XML haina hatia, katafute mwizi kwingine.

Dalili: programu haiwaki, inalalamikia `javax/xml/bind`

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mradi uliandikwa enzi za Java 8, wewe una Java 11 au mpya zaidi. JAXB iliondolewa ndani ya Java kuanzia toleo la 11 la mwaka 2018, hivyo inabidi uiongeze mwenyewe kwenye `pom.xml`, faili ya Maven inayoorodhesha maktaba za mradi: API yake pamoja na maktaba inayoitekeleza. Ukiweka API peke yake utapata kosa jingine linalofanana na la kwanza, utadhani hujafanya kitu.

Mtego uliopo ni majina mawili. Matoleo ya zamani yanaitwa `javax.xml.bind`, mapya `jakarta.xml.bind`. Klasi zako zikiwa na anotesheni za `javax` na maktaba ikiwa ya `jakarta`, maktaba haizioni kabisa hizo anotesheni. Utaambiwa klasi haina `@XmlRootElement` ilhali unaiona pale juu kwa macho yako mawili. Soma mistari ya `import`, chagua ukoo mmoja, uufuate kwenye mradi mzima.

Na kwa kuwa data hainunuliwi kwa majani: mmoja wenu akishapakua maktaba, mnakilieni folda ya `.m2`, ambamo Maven huziweka, kwa flashi. Hakuna haja ya watu kumi kuchoma MB kwa kitu kilekile.

Dalili: kuandika kulipita salama, kusoma kunakataa

Sababu inayoongoza ni faili iliyokatika. Umeme ulizima, laptopu ikaisha chaji, au mtu alifunga programu kabla ya `close()`. Kosa linasomeka `XML document structures must start and end within the same entity`, au `Premature end of file` kama faili ni tupu kabisa. Nenda mwisho wa nakala, futa ujumbe wa mwisho uliobaki nusu, funga lebo ya mzizi (ile ya nje kabisa), jaribu tena. Mara nyingi utakuwa umepoteza ujumbe mmoja au michache iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu. Ili lisirudi, andika kwenye faili ya muda yenye jina jingine, na ikikamilika ndipo uihamishie kwenye jina lake kwa `Files.move`. Kwa safari ndefu, anza faili mpya kila baada ya dakika tano. Umeme ukikatika unapoteza dakika tano, hupotezi alasiri nzima.

Inayofuata ni faili yenye mizizi mingi. Mwanafunzi anaita `marshal`, amri ya JAXB ya kuandika, mara elfu moja kwenye faili ileile, na kila ujumbe unajiandikia `<?xml version...` yake. XML inaruhusu mzizi mmoja tu na kichwa kimoja tu. Andika lebo ya kufungua wewe mwenyewe, kwa mfano `<safari>`, weka `Marshaller.JAXB_FRAGMENT` iwe `true`, mwaga jumbe zako, kisha ufunge.

Sababu ya tatu hutokea mara chache zaidi, lakini ndiyo iliyowahi kunitesa mimi binafsi. Siku hiyo feri ilikuwa inasomeka vizuri na mitumbwi yote inakataa. Msimbo uleule, faili ileile. Kosa lilikuwa na maneno `invalid XML character`. Nilipoteza saa mbili nikifikiri klasi ya mtumbwi ina shida, mpaka nilipohesabu herufi.

Jina la chombo katika DIS lina nafasi ya baiti 11, si zaidi wala si pungufu. "MV KALANGALA" ukihesabu na nafasi ya katikati ni herufi 12, kwa hiyo inakatwa kuwa "MV KALANGAL" na kuzijaza baiti zote 11. "MTUMBWI 3" ni herufi 9, na baiti mbili zilizobaki zinajazwa sifuri. Siyo tarakimu 0 hii, ni baiti yenye thamani ya sifuri. Ukizigeuza baiti hizo 11 zote kuwa `String`, zile sifuri mbili zinaingia nazo, na XML 1.0 hairuhusu herufi hiyo kwa namna yoyote, hata ukiiandika kwa kificho cha `&#0;`. Programu inayoandika XML inaweza kuipitisha kimya kimya, inayosoma haitaikubali. Jina refu linapona, jina fupi linakufa.

Tiba ni kukata jina kwenye sifuri ya kwanza kabla ya kuandika, na kujaza tena mpaka baiti 11 baada ya kusoma. Kama una faili ya zamani, kwenye nakala yake ondoa sifuri kwa `tr -d '\000'`, na kama zimeandikwa kama `&#0;` zifute kwa edita ya kawaida.

Ukikuta badala ya jina kuna kitu kama `TVYgS0FMQU5HQUw=`, usishtuke. Hujavamiwa. Umehifadhi safu ya baiti moja kwa moja, na JAXB huiandika kwa Base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida. Hiyo ndiyo "MV KALANGAL" yako, na itarudi salama. Kwa kweli ni njia nzuri, ila binadamu hawezi kuisoma.

La mwisho katika kundi hili ni usimbaji wa herufi. Faili inajitangaza kuwa ni UTF-8 lakini iliandikwa kwa usimbaji wa Windows. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Bunia, laptopu yake iko kwa Kifaransa, ameandika maelezo yenye neno "pêcheur". Kwake ilisomeka, kwetu ikatoa `Invalid byte 2 of 3-byte UTF-8 sequence`. Chanzo ni `FileWriter`: kabla ya Java 18 ilitumia usimbaji wa kompyuta husika bila kuuliza. Mpe `Marshaller` mkondo wa baiti, `OutputStream`, badala ya `Writer`, au taja UTF-8 waziwazi. Faili yake tuliiokoa kwa kuibadili kichwa kiseme `windows-1252`, kilicho kweli.

Kwa Luganda hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna kosa linalotokea. Mtumbwi uliopewa maelezo "eŋŋege" ukiandikwa kwa usimbaji wa Windows unarudi "e??ege". Usimbaji huo hauna ŋ, hivyo Java iliweka alama ya kuuliza na herufi yenyewe ikapotea palepale. Hapo hakuna dawa, rudi kwenye chanzo cha data uandike upya. Na ile nafasi ya jina la baiti 11 iachie herufi za kawaida za ASCII. Ŋ weka kwenye maelezo yako ya pembeni.

Dalili: inasomeka bila kosa lolote, lakini kila kitu ni sifuri

Feri yako ina x, y na z zote sifuri. Katika DIS hapo ni katikati ya Dunia, zaidi ya kilomita 6,300 chini ya ziwa. Ramani haionyeshi kitu na wewe unaanza kuilaumu ramani.

Fungua faili. Kama namba hazimo, ni kosa la kuandika. JAXB kwa kawaida huchukua sehemu zenye jozi ya `get` na `set` za hadharani. Ukiwa na `getMahali()` bila `setMahali()`, inaruka bila kusema neno. Ongeza `set`, au weka `@XmlElement` juu ya sehemu yenyewe. Ukiamua kutumia `@XmlAccessorType(XmlAccessType.FIELD)`, ondoa anotesheni zilizo juu ya zile `get`, la sivyo utaambiwa kuna sifa mbili zenye jina moja.

Kama namba zimo, ni upande wa kusoma, na hapa JAXB ina upole uliopita kiasi: lebo asiyoijua anaipita kimya. Mtu amebadili jina la sehemu kutoka `mahali` kuwa `eneo`, faili ya wiki iliyopita bado ina `mahali`, basi `eneo` inabaki tupu. Au faili ina `xmlns` (tangazo la ukoo wa majina ya lebo) na klasi haina. Kabla ya kusoma, mpe `Unmarshaller`, msomaji wa JAXB, msikilizaji wa makosa kwa `setEventHandler` anayerudisha `false`. Ataanza kupiga kelele kwenye lebo ya kwanza ngeni. Mimi ningeliweka hili kwenye kila mradi tangu siku ya kwanza.

Ndugu yake dalili hii ni orodha ya `Pdu` (klasi mama ya jumbe za DIS) za aina mbalimbali inayorudi ikiwa na jumbe za klasi mama tu, au inayokataa kabisa kwa kuwa klasi mama haiwezi kuzaa objekti. Angalia kama kwenye faili kuna `xsi:type`, sifa inayotaja aina halisi ya ujumbe. Haipo? Weka `@XmlSeeAlso` juu ya `Pdu` ukitaja watoto wake wote, na uandike upya. Kila mtoto pia anahitaji konstrakta isiyo na kigezo.

Dalili: feri inaruka-ruka

Hapa nitakaa kidogo, maana hili huja na sura tofauti na kila kikundi hudhani limewapata wao peke yao.

Sura ya kwanza: baadhi ya muda uliohifadhiwa ni namba hasi. Ukiutazama kwa makini, uhasi unaanza dakika ya 30 ya kila saa na kuisha saa mpya inapoanza. Muda wa DIS ni namba ya biti 32 isiyo na alama. Biti 31 za juu ni sehemu ya saa moja iliyopita, yaani saa nzima imegawanywa vipande 2,147,483,648. Biti ya mwisho inasema tu kama saa hiyo imelinganishwa na saa ya dunia au la. Saa ikifika nusu, biti ya juu kabisa inawaka. Java ikiisoma kama `int`, biti hiyo ni alama ya hasi. Hifadhi kwenye `long` baada ya `& 0xFFFFFFFFL`. Faili ya zamani inaponyeka kabisa: kila namba hasi iongezee 4,294,967,296.

Sura ya pili ni pale namba zote ni chanya, lakini ukicheza safari feri iko Nakiwogo, ghafla iko katikati ya ziwa, ghafla Lutoboka, kisha inarudi Nakiwogo. Mtu amepanga jumbe kwa muda wa DIS. Muda huo huanza upya kila saa! Safari ya saa tatu na nusu inavuka mwanzo wa saa angalau mara tatu, kwa hiyo ujumbe wa saa 3:10, wa 4:10 na wa 5:10 una karibu namba ileile. Kupanga kwa namba hiyo ni kuchanganya karata.

Tiba ya haraka: usipange. Soma kwa mfuatano ulioandikwa. Tiba ya kudumu: wakati wa kupokea, andika muda wako mwenyewe, tarehe na saa kamili, kama sifa kwenye lebo ya kila ujumbe, na muda wa DIS uuache ulivyo. Usiurekebishe ule wa DIS ndani ya faili. Mwenzako atakayelinganisha baiti 144 atakulaani.

Ya tatu ni mruko mdogo mdogo: mtumbwi unaotembea polepole unasimama, unaruka nusu mita, unasimama. Mahali katika DIS ni `double`, wewe umehifadhi `float`. Kwa namba inayokaribia milioni tano na nusu, `float` hupiga hatua za nusu mita. Badili aina ya sehemu. Zilizohifadhiwa tayari hazirudishiki.

Dalili: chombo kipo, lakini si mahali pake

DIS hupima kwa mita kutoka katikati ya Dunia, si kwa digrii. Kwa Nakiwogo tarajia x karibu 5,380,000 na y karibu 3,420,000. Halafu tazama z, ambayo kwetu ina raha yake: Nakiwogo iko kaskazini kidogo ya ikweta, z yake ni chanya na haifiki mita 10,000, Lutoboka iko kusini, z inakuwa hasi, kama mita -34,000. Feri lazima ivuke sifuri njiani. Ikikaribia ikweta kisha ikageuka kurudi kaskazini, kuna mtu amekula alama ya kutoa. Mara nyingi ni kipande cha msimbo kinachochuja "herufi zisizo namba".

Namba ikiwa na mkato, `5383200,4`, basi iliandikwa kwa `String.format` kwenye kompyuta ya Kifaransa. JAXB yenyewe haina kosa hilo, hutumia nukta popote ilipo. Tumia `Locale.ROOT`.

Na `NumberFormatException` inayotaja `INF`? XML huandika ukomo kama `INF`, Java hutaka `Infinity`. Acha JAXB isome badala ya `parseDouble`. Lakini jiulize pia feri yako ilifikaje kwenye ukomo.

Dalili: kompyuta inaishiwa kumbukumbu, au kazi inakwenda kama konokono

Hesabu kwanza. Hata chombo kilichotulia hutuma ujumbe kila sekunde 5. Saa tatu na nusu ni jumbe 2,520. Feri na mitumbwi 40 ni zaidi ya jumbe laki moja, na kila baiti 144 zinavimba sana zikivaa lebo. Usipakie faili nzima kwa DOM, inayoiweka yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo. Pitia kwa StAX, inayosoma kidogo kidogo, ujumbe mmoja baada ya mwingine, na ubane kwa GZIP.

Ikiwa kumbukumbu ipo lakini kasi haipo, tafuta `JAXBContext.newInstance` ndani ya kitanzi. Iumbe mara moja tu. Hiyo inaweza kutumiwa na nyuzi nyingi kwa pamoja. `Marshaller` haiwezi, kila uzi uwe na wake.

Dalili: ukirudia safari, vyombo vinatokea kisha vinatoweka

Wapokeaji wa DIS humfuta chombo asiyesikika kwa sekunde 12. Ukimwaga jumbe zote kwa sekunde moja, vyombo vyote vitaonekana na kufa pamoja. Tuma kwa mwendo wa muda ule uliouandika mwenyewe.

Hapa pia ndipo pa kusimama. Kama kwenye mtandao huo kuna zoezi la watu wengine linaloendelea, usirushe jumbe za jana. Zina namba ileile ya zoezi na vitambulisho vilevile vya vyombo, na mitambo yao haina namna ya kujua kuwa feri yako ni mzimu. Badili namba ya zoezi, au jitenge kwenye swichi yako, na hata hivyo muulize kwanza msimamizi wa mtandao.

Mwite fundi, usiendelee mwenyewe, diski ikianza kugonga au faili zikibadilika ukubwa bila kuguswa: zima kompyuta, usijaribu hata kunakili mara ya pili. Faili ikitoka kwa mtu usiyemjua na juu yake kuna `<!DOCTYPE`, usiisome mpaka umezima kipengele hicho kwa `disallow-doctype-decl`, kwa kuwa inaweza kumfanya msomaji wa XML afungue faili nyingine za kwenye kompyuta yako. Na jumbe zikiwa za zoezi la vyombo vya usalama, usizitume kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada, hata mstari mmoja. Mpelekee aliyekukabidhi, pamoja na ujumbe wa kosa na namba ya mstari.